Betri Iliyobaki

Nzega,
Novemba 1975.

Dada yangu mpenzi Mwanajuma,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia, maana najua unaitikia kabla hata hujavaa miwani. Habari za hapo Ujiji? Goti lako, lile linalotabiri mvua mapema kuliko redio, linaendeleaje? Na shemeji Abasi, bado anakoroma mpaka watu wa bandarini wanadhani meli imefika? Msalimie sana, mwambie nimesema kwa heshima. Mimi namshukuru Mungu, nakula, nacheka, na kalamu naishika kwa mkono wangu mwenyewe, kama unavyoona kwa ubaya wa mwandiko.

Barua zako zote mbili nimezipata. Ya kwanza ulinisalimu. Ya pili hukunisalimu, ulianza moja kwa moja kuuliza ni mjomba wa aina gani anayekosa harusi ya mpwa wake, tena Maua, aliyekojolea kanzu yangu ya Idi na sikusema neno. Una haki ya kukasirika. Nitakujibu, ila jibu lenyewe lina njia ndefu kama ile waliyopita wapagazi kutoka Tabora hadi hapo kwenu. Kaa chini, mwambie shemeji apunguze sauti ya redio. Wala usirukie mwisho wa barua, nakujua wewe.

Kama unavyofahamu, tangu mwaka jana niko kijiji kipya huku upande wa Puge. Watu walihamishiwa hapa kutoka kila upande, wengine na paa la nyumba likiwa juu ya gari. Kijiji kikaomba fundi seremala kutoka mjini, nami nikamwacha wifi yako Sikuzani pale Kanyenye na nyumba yetu, nikaja kutengeneza madawati, milango ya zahanati na chochote kingine chenye pembe nne. Wasukuma wa hapa wamenipokea vizuri, lakini kwa kilimo wananicheka mpaka wanashika mbavu. Wanasema napanda karanga kama mtu anayezika kuku.

Katika kazi hiyo niko na fundi mwenzangu anaitwa Mahona. Tumetoka naye Tabora, tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja. Ni mtu mzima wa umri wangu, ana kitambi kidogo, mbishi, mpenda redio. Roho yake si mbaya. Habari hii ni yake hasa, na nikimsema vibaya usinilaumu, amenipa ruhusa.

Kulikuwa huku na wageni wa mradi wa maji, nao walipofunga mizigo yao kuondoka, walituachia masanduku mawili ya vifaa, wakasema kijiji kichague moja, la pili liende kijiji jirani. Mwenyekiti wetu, Ndugu Luhende, akaitisha mkutano. Katika sanduku la kwanza kulikuwa na drili kubwa ya umeme yenye waya mrefu, na jenereta yake ndogo. Hiyo ilitoboa ubao wa mninga huku watu wakipiga makofi. Katika sanduku la pili kulikuwa na drili ndogo isiyo na waya kabisa, betri mbili za kuchomeka kwenye mpini, na chaja inayonyonya umeme kutoka betri ya trekta. Hiyo ilitoboa mninga ule ule polepole, ikinung'unika kama mkwe aliyenyimwa nyama.

Mahona akasimama akasema hapana haja ya maneno, mwanamume hachagui kitoto penye baba yake. Ndipo akanyanyuka Bundala, kijana wa makamo aliyewahi kuwa utingo wa malori kabla hajaletwa kijijini. Akauliza swali moja tu: petroli ya kulisha hiyo jenereta iko wapi? Dada, unajua petroli siku hizi ilivyo, kuipata ni kama kupata maji ya Zamzam. Bundala akasema nguvu kidogo iliyo mkononi ni bora kuliko nguvu nyingi iliyoko Nzega ndani ya pipa la mtu mwingine. Tena hiyo ndogo utapanda nayo juu ya paa, utaingia nayo pembeni, wala haina mkia wa kukukwaza. Akina mama wakamshangilia, Ndugu Luhende akahesabu mikono, na Mahona akashindwa. Alitoka pale amevimba. Akaapa kwamba yeye ataendelea na keke yake ya mkono, ile ya kuzungusha, aliyorithi kwa baba yake, na hicho kidude wataona wenyewe kitakavyochoka kabla ya chai.

Bundala akakabidhiwa drili, na kuanzia siku hiyo akatushika kama mwalimu wa madrasa. Betri isifanyishwe kazi mpaka ikate roho. Ukisikia sauti ya drili inalegea, simama. Isichajiwe ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza. Isitupwe kwenye mkoba wa misumari, maana msumari ukigusa ncha zake mbili kwa pamoja umeiua. Zitumike kwa zamu, moja ikifanya kazi nyingine ipumzike. Na jua zisilione kabisa. Alizifunga kila moja kwa kipande cha kaniki, akaziweka ndani ya chungu kikavu, akakining'iniza penye kivuli ndani ya stoo. Mahona akamwuliza kama ana mpango wa kuzitafutia na mchumba.

Sasa sikia alichofanya Mahona. Wewe unajua, mimi najua, hata paka wa Tabora anajua: betri za redio zikichoka unazianika juani, juu ya bati, nazo zinakupa taarifa ya habari ya siku mbili tatu zaidi. Wewe mwenyewe unazo saa hii hapo kwenye ukuta wa uani, usinikatalie. Siku moja Bundala yuko shambani, Mahona akaichukua betri moja ya drili aliyoiona imelegea, akaipandisha juu ya bati la stoo pamoja na zake za redio, jua la Oktoba likiwaka kama limetumwa. Alitaka kuonyesha kwamba hata sisi wazee wa keke tunajua kutunza betri. Jioni akaishusha inaunguza vidole, akaichomeka moja kwa moja kwenye chaja. Asubuhi ilikuwa imevimba ubavuni, inatoa majimaji, na haikuzungusha kitu tena.

Bundala hakupiga kelele. Aliigeuza mkononi, akamwambia Mahona mbele ya watu kwamba huko kwao mjini pengine betri ni samaki, lakini huku hawazianiki juani kama dagaa wa Ujiji. Watu wakaanguka kucheka. Tangu siku hiyo, Mahona akipita, watoto wanamwuliza kama dagaa wamekauka. Betri ikabaki moja.

Na hapo, dada, inakuja habari ya kisima. Najua neno hilo limeshakusimamisha nywele. Tulia. Sijasahau Kwihara. Sijasahau baba alivyoshuka asubuhi anaimba na mchanga ukamfunika kabla ya adhuhuri, wala sijasahau wewe ulivyonishika sikio nikiwa bado nina kamasi, ukaniapisha kwamba mguu wangu hautakanyaga ndani ya kisima cha mtu yeyote maisha yangu yote. Ndiyo maana nikawa seremala, kazi ya juu ya ardhi.

Kisima cha kijiji walikuwa wanakichimba kwa jembe na ndoo. Wanawake wa hapa walikuwa wanaondoka na giza kufuata maji, wanarudi jua kali, na wengine walikuwa wajawazito. Mchimbaji mkuu, Kashindye, alikuwa amepita udongo mgumu akaingia kwenye mchanga, na mchanga hauna ahadi na mtu. Kwa hiyo sisi mafundi tukatengeneza fremu za boriti na mbao za kuzuia kuta, moja chini ya nyingine. Tulizitengeneza juu, Kashindye akazishusha na kuzipanga.

Siku yenyewe, Kashindye akapanda juu akasema chini kabisa mchanga umeanza kulowa, maji yako karibu, lakini fremu ya mwisho imekaa upande na hajui kuirudisha. Ndugu Luhende akasema basi kazi isimame mpaka kesho. Mahona akasema kesho kuta zitakuwa zimelala. Ile fremu aliipima yeye, kiungo chake anakijua yeye, ni suala la kugonga kidogo tu. Leonia, yule mama mhudumu wa zahanati, akamwambia: baba, na hicho kitambi utapita nacho wapi? Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichomshusha. Akajifunga kamba, akaenda.

Aligonga mara ya kwanza, kiungo kikasogea. Aligonga tena. Mchanga ukashuka nyuma ya mbao kwa sauti kama ya mtu anayemimina mchele, boriti moja ikateleza, ikamkandamiza mguu juu ya goti dhidi ya ukuta wa upande wa pili. Kamba wakaivuta, hakutoka. Akawapigia kelele waache, maana kila walipovuta mchanga uliongezeka. Aliniambia mwenyewe kwamba maumivu hayakumtisha sana. Kilichomtisha ni ubaridi kwenye kisigino. Akaangalia chini, akaona maji. Maji yale yale ambayo kijiji kizima kiliyaombea dua msikitini na kanisani, yalikuwa yameamua kufika.

Kashindye akashuka, akaona, akapanda amebadilika rangi. Shoka haliwezekani, kishindo kimoja tu na ukuta wote unakuja. Msumeno hauna pa kupita, boriti imebanana na mbao za nyuma. Keke ya mkono ingetoboa, lakini mzungushaji anahitaji nafasi ya kiwiko na kifua cha kukandamizia, na pale hapakuwa na nafasi hata ya kukunja ngumi. Ndipo Leonia akasema ile drili isiyo na mkia.

Bundala alikwishaifikiria. Alikuwa amesimama na chungu mkononi, na kilichomchelewesha ni hesabu moja: betri iliyobaki ilikuwa imetoboa milango ya zahanati tangu asubuhi. Trekta lilikuwa limekwenda Nzega na pamba, kwa hiyo hapakuwa na pa kuichaji. Akasema hajui imebaki na kiasi gani. Wala hakusema ile nyingine ingekuwa imejaa, imepumzika, inangoja zamu yake. Kila mtu alijua, na aliyejua kuliko wote alikuwa chini.

Bundala akashuka kichwa chini, wamemfunga miguu, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kufikisha mikono pale. Boriti ilikuwa usawa wa paja la Mahona, na maji yalikuwa magotini. Maneno aliyomwambia yalikuwa machache. Atatoboa matundu yanayofuatana, kwa mstari, mpaka boriti iwe kama mkate uliotobolewa na panya, kisha ivunjike kwa mkono. Lakini maji yakiifikia kabla, kazi imekwisha, maana drili haitoboi ndani ya maji. Juu, akina mama wakaanza kuvuta ndoo. Walivuta huku wanaimba, na maji yalipanda hivyo hivyo.

Tundu la kwanza lilipita. La pili likapita. Mahona alikuwa anatema vumbi la mninga na kuona ni vumbi tamu. Kisha katikati ya tundu, sauti ya drili ikalegea, na Bundala akaizima.

Mahona akamwambia aendelee. Bundala akasema betri ni ya moto, tukiilazimisha sasa itakata roho na haitaamka. Ikipoa itatupa kidogo tena. Akaichomoa, akaiweka ndani ya ndoo, akaipandisha juu. Dada, Mahona alimtukana. Alimtukana kwa Kiswahili, akamtukana na kwa yale maneno machache ya Kisukuma aliyoyajua, ambayo hayakufaa mbele ya wanawake. Maji yalikuwa yanakaribia boriti, na mtu anasubiri betri ipoe! Bundala akaning'inia pale pale kichwa chini, damu imemjaa usoni, akamwambia taratibu kwamba angekuwa na betri ya pili angeichomeka sasa hivi. Halikuwa dongo. Lilikuwa neno la kweli tu.

Kule juu Leonia ameipakata betri penye kivuli anaipepea kwa upande wa khanga yake, kama mtoto mwenye homa. Kashindye akamwomba airudishe. Akasema bado. Ndugu Luhende, mwenyekiti mzima, akamsihi airudishe. Akaigusisha shavuni, akasema bado. Chini, Mahona alianza kutoa shahada, na alipoimaliza akamwita dada yake kwa jina. Hakumwita mkewe wala mama aliyemzaa, alimwita dada yake, kwa sauti ya mtoto.

Ndoo ikashuka. Betri ikaingia mahali pake, drili ikaamka. Likapita tundu, likapita jingine, na maji yalikuwa yanalamba boriti kwa chini. Katika lile la mwisho sauti ikashuka, ikashuka, ikawa kama nyuki ndani ya chupa, ikanyamaza. Betri haikuwa na kitu tena. Lilibaki pande la ubao pana kama vidole vitatu.

Bundala akaomba kitu chochote cha chuma, chembamba na kirefu. Wakamshushia keke ya Mahona, ile ya urithi. Akaingiza chuma chake katika matundu, akaegemea kwa uzito wake wote, Mahona naye akashika mpini, wakasukuma pamoja. Keke ikalia, ikapinda, ikakatika vipande viwili. Lakini boriti ilikuwa imetangulia kukatika. Watu wa juu wakavuta, Bundala akatoka, Mahona akatoka nyuma yake, na mchanga ukajaa pale alipokuwa amesimama.

Kwa hiyo Mahona yu hai. Mguu umevunjika mahali pawili, daktari wa hapa Nzega anasema utaunga lakini utakuwa mfupi kidogo, na atatembea kama anayetafuta kitu alichoangusha. Siku mliyokuwa mnampeleka Maua kwa mumewe, yeye alikuwa amelala anavutwa mguu kwa jiwe na kamba.

Sasa vaa miwani vizuri, dada. Ulishajiuliza kwa nini barua ya mtu wa Puge imetoka Nzega. Mahona hana dada mwingine ila wewe. Hilo ni jina walilonipa wazee wa kijiji tangu wiki ile niliyofika, na nimejificha nyuma yake tangu ukurasa wa kwanza kwa sababu kila nilipoandika “mimi nilishuka kisimani”, kalamu ilikataa. Aliyeianika betri ni mimi. Aliyeshuka ni mimi. Jina nililoita kule chini ni Mwanajuma. Na keke iliyokatika ni ile ya baba, uliyonikabidhi wewe ukasema niitunze.

Kiapo nimekivunja. Sikukivunja kwa kusahau, nilikivunja kwa kuchekwa kitambi, na hilo nadhani ni baya zaidi. Sikuzani anajua yote, yupo hapa ananipikia uji, nilimkataza kukuandikia. Mkasirikie mimi, yeye mwache. Ukitaka kuja kunivuta sikio, njoo. Liko pale pale ulipoliacha. Ila nakuomba ukifika usianze na mimi. Mtafute kwanza Bundala umshukuru, nami nitakuonyesha ni yupi. Alikuja kunitazama juzi, akatoa ile betri ndani ya kaniki yake, akaiweka juu ya kitanda changu. Imechajiwa, inafanya kazi. Akaniuliza kama ningependa aniachie niianike kidogo dirishani.

Na jambo moja nataka ulisikie kwangu. Kashindye alikichimbua kisima upya na fremu mpya, na sasa wanawake wanateka maji wakati chai bado iko jikoni. Kile cha Kwihara kilimchukua baba na hakikutupa hata kikombe. Nilipoonja haya, walipoyaleta hapa kwa chupa, nililia, Sikuzani akadhani ni mguu.

Nisalimie Maua na mumewe, waambie zawadi yao ni kitanda cha mninga, kitachelewa lakini kitakuja. Msalimie shemeji Abasi, majirani wote, na kila anayeniulizia. Ukipata mtu wa kuja na treni hadi Tabora, nitumie dagaa, wale waliokauka vizuri. Hao ndio wa kuanikwa.

Ni mimi mdogo wako asiyesikia,

Shomari,
huku wananiita Mahona.